Maaskofu Walioondoka Kabla ya Kura

Utatu Mtakatifu haujawahi kunisumbua darasani. Watu wakiona hawauelewi humwachia Mungu mwenyewe, wakaendelea kunyonyesha watoto wao. Lakini Papa hawamwachii mtu. Ukifika kwa Papa kutokosea, hata mzee aliyekuwa anasinzia tangu Kwaresima ianze ataamka na kuinua mkono.

Siku mliyoniaga, nyinyi makatekista wadogo, mlikula kuku wangu halafu mkaniuliza nilikuwa nikijibu vipi swali hilo. Niliwaambia nitaandika, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Basi nimeandika. Msitafute humu habari za vyeo. Katekista hana kupanda cheo. Akipanda sana, amepanda baiskeli.

Nilianza kazi chini ya Mzee Atanasi, katekista wa kigango kimoja kilichozungukwa na miwa pande zote. Siku ya kwanza alinikabidhi vyombo: picha za kuning'iniza zilizoliwa na mende pembeni, chaki kwenye kopo la maziwa, na kipande cha chuma cha kugongea rimu ya trekta iliyotundikwa nje badala ya kengele. Niligonga rimu ile kwa nguvu zangu zote, nikitaka aone kwamba ameletewa mtu wa kazi. Mzee akatoka ameziba masikio. "Konsolata, binti yangu," akasema, "watu wa miwa wako mbali, lakini si viziwi." Kisha akanipa sheria mbili ambazo nimeishi nazo mpaka leo: jibu swali uliloulizwa, halafu nyamaza. Ya kwanza niliishika upesi. Ya pili ilinichukua muda, kama mume wangu atakavyowaambia mkimuuliza.

Siku hizo tulifundisha kwa kuimbisha. Mzee Atanasi anauliza, darasa linajibu kwa pamoja. "Papa ni nani?" "Ni halifa wa Petro!" "Papa hukosea?" "Hakosei!" Hilo la mwisho walilipenda kuliko yote, wakalipaza mpaka wakata miwa waliokuwa shambani wakalijua bila kubatizwa. Jibu lilikuwa fupi, tamu, na lilikuwa na upungufu mkubwa, ingawa hakuna aliyeuona mpaka tulipoonyeshwa na fahali.

Mwenye fahali aliitwa Shivachi, mtu wa upande wa Khayega, na huko mnajua watu wanavyopenda kupiganisha mafahali. Shivachi alibatizwa Pasaka yangu ya kwanza pale, mwanafunzi wangu wa kwanza niliyejivunia. Alikuwa na fahali mweusi ambaye hajawahi kumkimbia mwenzake, na kwa furaha ya ubatizo wake akambadilishia jina. Akamwita Papa. Alikuwa amefundishwa vizuri: Papa hakosei, na fahali wake hakosei, basi kuna kosa gani hapo? Jumamosi ikafika, ngoma za isukuti zikalia, watu wa makanisa yote wakajaa uwanjani. Papa akagusana pembe na fahali wa jirani mara moja, akafikiri, akageuka na kukimbia mpaka mtoni.

Jumapili hatukuwa na amani. Njia nzima Waprotestanti walikuwa wakituita, "Jamani, Papa wenu amepatikana? Tumesikia ameonekana akivuka mto!" Akina mama wa kwaya wakalia kwa hasira. Mwenyekiti wa kigango akataka Shivachi atengwe.  Baada ya Misa Mzee Atanasi alimchukua Shivachi mpaka zizini kwake, nami nikiwa nyuma yao, akamtazama yule fahali, akauliza: "Huyu ameshawahi kufundisha Kanisa lote jambo la imani?"

"Hapana, Mzee," akasema Shivachi.

"Basi aliposhindwa hakuna imani iliyovunjika. Mbadilishie jina, uingie ndani ukale."

Toka siku hiyo Mzee alitufundisha jambo lile kwa urefu wake, nami nawaambia nyinyi vilevile. Papa akisema mvua itanyesha, beba mwavuli au usibebe, shauri yako. Papa ana dhambi kama wewe na huenda kitubio kama wewe. Kutokosea kunakosemwa ni pale tu anapotangaza, kama mchungaji wa Kanisa lote, kwamba jambo fulani la imani au la maadili linapaswa kushikwa na wote, basi, limefungwa. Na hilo hutokea mara chache mno. Wengi wetu tutazaliwa na kuzikwa bila kulisikia hata mara moja.

Baadaye nilipelekwa kaskazini, Likuyani, kwa watu wa mahindi ambao wazazi wao waligawiwa mashamba ya wazungu. Watu wale walikuwa na maswali makali zaidi. Mama mmoja mwenye watoto wengi aliniuliza mbele ya mumewe kama mafundisho ya Papa kuhusu kupanga uzazi ni ya kutokosea au ni ya kukosea. Nilimjibu nilivyofundishwa: ni mafundisho ya kutiiwa, lakini hayakutangazwa kwa namna ile ya kufunga, na wasomi wetu wenyewe wanabishana juu ya uzito wake. Mumewe akasema, "Unaona? Tutii." Mama akasema, "Unaona? Wanabishana." Nikakumbuka sheria ya pili ya Mzee Atanasi, nikachukua baiskeli yangu. Mkipata swali kama lile, baiskeli iwe imeegeshwa karibu.

Lakini mwanafunzi aliyenitesa kweli kweli, na ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika, nilimpata nilipokuwa nimerudi huku Lurambi na nywele zimeshakuwa nyeupe. Aliitwa Rasoa.

Mumewe, Ferdinandi, alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari, Mkatoliki wa kuzaliwa, sauti ya besi katika kwaya. Rasoa alikuwa wa kanisa la Marafiki, Quaker, watu wasiobatiza kwa maji na wasiopenda kuapa. Walioana kimila, wakalea watoto, na kwa kuwa ndoa yao haikubarikiwa, miaka yote hiyo Ferdinandi aliimba nyimbo za Komunyo akiwa amekaa. Alipostaafu, kifua kikaanza kumsumbua, akatamani Ekaristi kama mtu anavyotamani maji. Paroko wetu, Padri Lukasi, alikuwa kijana aliyesoma sana na kusoma hakukumharibu. Aliwaambia hakuna haja Rasoa aache kanisa lake. Askofu hutoa ruhusa. Ruhusa ikaja, ndoa ikabarikiwa, Ferdinandi akapokea. Mimi nikadhani kazi imekwisha.

Jumatatu yake Rasoa akaja kwangu, akakaa bila kukaribishwa. "Mwalimu, mimi nimempikia mtu huyu tangu tukiwa vijana. Sijawahi kumwacha ale peke yake hata siku moja. Sasa amefika kwa chakula kikubwa kuliko vyote, mimi niketi kwa benchi kama mgeni? Madaktari wameniambia kifua chake hakifiki mbali. Nataka kula naye meza moja kabla hajaenda."

Ningewezaje kukataa? Nilimwandikisha darasani, nikamwambia kwa hali ya Ferdinandi paroko atakubali abatizwe Pasaka ijayo.

Alisoma vizuri kuliko wote. Bikira Maria hakumletea taabu, toharani tulipita bila kugonga kitu. Kisha tukafika kwa Papa. Nilikuwa nimejiandaa, nikatoa habari yote, mipaka yote, hata fahali wa Shivachi nikamweka. Darasa likacheka. Rasoa akainua mkono.

"Mwalimu, ni nani aliyesema hakosei?"

Nikamwambia ni mtaguso, maaskofu wa dunia nzima waliokutana Roma zamani, babu zetu wakiwa bado hawajaona padri.

"Na hao mtaguso wenyewe, wanaweza kukosea?"

Nilisema muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha.

Jioni nikapita kwake. Ferdinandi alikuwa ukumbini kwenye kiti chake, blanketi magotini, akipumua kwa kupanga. Rasoa akaleta chai. Nikamweleza jinsi mtaguso ulivyokuwa, kama nilivyofundishwa kwenye kozi ya makatekista: maaskofu walibishana sana, wengi wakaona Papa hakosei anapofundisha hivyo, wengine wakaona ni kweli lakini wakati wake haujafika, wachache wakaona si kweli. Wengi wa wale wasioridhika wakaomba ruhusa wakaondoka Roma kabla ya siku ya kura, wasije wakamwambia Papa hapana usoni pake. Waliobaki wakapiga kura, ikapita.

Rasoa aliweka kikombe chini. "Walipiga kura?"

"Ndiyo, walipiga."

"Juu ya jambo la Roho Mtakatifu? Na wengine wameshaondoka?"

Hapo ndipo nilipomjua huyu mama. Baba yake alikuwa karani wa kikao cha Marafiki. Kwao, akaniambia, karani hahesabu mikono. Watu hukaa, hunena, hunyamaza, mpaka karani aone wote wameelekea mahali pamoja, ndipo atamke, nao waseme ndivyo. Mmoja tu akiwa na uzito moyoni, hungojwa. Waliwahi kutaka kuhamisha kanisa lao karibu na barabara, nyanya mmoja kipofu akasema haoni amani. Ferdinandi akachomekea, "Hata barabara hakuiona!" Rasoa akamtupia jicho. Walimngoja nyanya huyo kupanda mpaka kuvuna, mpaka siku aliyosimama mwenyewe akasema sasa twende.

"Sisi tungewangoja hao maaskofu," akasema. "Huyo Papa akisema neno ambalo Kanisa lote limelibeba, hilo nalielewa, ni kama baba yangu. Kinachonisumbua ni wale waliokuwa njiani. Nikisimama mbele ya watu niseme nasadiki, na moyo wangu uko njiani na wao, nitakuwa nimesema uongo kanisani."

"Rasoa," mumewe akasema, "mimi nimebatizwa nikiwa mchanga, huyo Papa mpaka leo simwelewi vizuri, na hakuna mtu ananiulizanga. Sema tu ndiyo."

"Wewe hukuulizwa. Mimi nimeulizwa."

Kwaresima ikaingia na Ferdinandi akazidi kudhoofika. Alikuwa haimbi tena. Mimi, nawaambia wazi, nilikasirika. Nilimfuata Rasoa jikoni akisonga obusuma, ugali wa kwetu, nikamwambia: "Dada, mtu anakufa pale ukumbini. Umekuja kwangu ukitaka meza moja naye, meza iko, mlango ni neno moja. Wote husema hilo neno. Lisemwe, tuendelee." Mpaka leo sioni kosa langu. Katika kazi hii sote tunaugua kaugonjwa kadogo ka kutokosea.

Hakugeuka. Alikuwa analia ndani ya mvuke wa sufuria, mwiko unaenda. "Nikidanganya ili nile naye, Mwalimu, nitakuwa nimekula nini?"

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikalia na yeye, kwa sababu nilimpenda.

Ikafika siku ya mtihani, Padri anapowaita wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, mmoja mmoja katika sakristia na katekista akiwa pembeni. Usiku wake Ferdinandi alikuwa amekesha akikohoa. Rasoa aliingia amefunga kitambaa vizuri, macho mekundu. Padri alimuuliza mambo ya kawaida akajibu yote. Kisha akasema, "Mwalimu ameniambia una uzito juu ya Baba Mtakatifu."

"Niko nao, Padri. Mipaka Mwalimu amenifunza, hata ya yule fahali naijua. Uzito wangu ni wale walioondoka kabla ya kura."

Padri Lukasi hakucheka wala hakutazama saa. Alisema swali lake ni kubwa, kwamba kuna Wakatoliki waliojitenga kwa ajili ya kura ile na mpaka leo wana makanisa yao huko Ulaya, na kwamba hata ndani ya nyumba wasomi bado wanapima maneno yale yanafika wapi. "Lakini maaskofu wale," akasema, "hawakujitenga. Walienda nyumbani kwenye majimbo yao."

"Walifukuzwa?"

"Hapana."

"Walipofika kwao, waliendelea kusoma Misa?"

"Waliendelea."

"Wakila?"

"Wakila, Mama. Na wakiwalisha watu."

"Na kukubali walikubali lini?"

Padri akashusha pumzi. "Kila mmoja kwa wakati wake. Wengine haraka, wengine polepole. Wengine kwa moyo, wengine kwa kuchoka. Mungu ndiye anajua. Mwishowe walikubali wote."

Rasoa akanyamaza. Nyinyi hamjui kunyamaza kwa Marafiki. Mimi nilianza kukohoa ili kuwe na sauti ya mtu, Padri akaninyooshea kidole nikaacha. Nje mtu alikuwa anafagia. Alifagia akamaliza, akaondoka.

"Basi nihesabu na hao," Rasoa akasema. "Hao ambao hawajasema ndiyo, na bado wanakula."

"Kuna tofauti," Padri akajibu polepole. "Wewe unasema si kweli?"

"Sisemi si kweli. Nasema sijaona."

"Na uko tayari kuendelea kutazama, ndani ya nyumba, pamoja na sisi?"

"Padri, kungoja najua. Nimezaliwa na watu wa kungoja."

Padri Lukasi alifunga kitabu. Aliangalia meza, akaniangalia mimi, akamwangalia Rasoa. "Sitamharakisha mama wa Lurambi kuliko walivyoharakishwa maaskofu," akasema. "Utabatizwa Pasaka."

Katekista mwenzangu mmoja alipopata habari alisema Padri amekosea, kwamba asiyekubali yote hajakubali kitu, na kwamba maaskofu wale walikuwa wameshabatizwa zamani. Hoja yake si ya kitoto, nanyi mnaweza kuishika. Mimi nilimjibu kwamba padri kukosea inawezekana kabisa, mafundisho ndivyo yanavyosema.

Jumapili ya Pasaka, mwana wao alimleta Ferdinandi kwa gari mpaka mlangoni, tukamkalisha mbele na mto mgongoni. Rasoa alibatizwa katika nguo nyeupe aliyoshona mwenyewe. Ilipofika Kanuni ya Imani alitamka kila neno, pamoja na Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema na asichokisema. Wakati wa Komunyo hakupanga foleni. Padri alishuka mpaka pale kwenye kiti, akampa Ferdinandi, akampa Rasoa. Walikula wamekaa bega kwa bega. Ferdinandi akamwambia, na besi yake hata ikidhoofika hainong'oni, kwa hivyo tulisikia wote: "Leo nimekupikia mimi."

Nililia mpaka nikaazima leso.

Ferdinandi alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwaya yake ikaimba, na Marafiki wa ukoo wa Rasoa walikuja wakanyamaza kaburini kwa namna yao, ikawa vizuri.

Rasoa hakukosa Misa. Alikaa palepale mbele, na nafasi ya pembeni yake hakuna aliyeikalia mpaka alipoanza mwenyewe kukaribisha watu. Kila mara tukikutana nilimuuliza kwa utani maaskofu wamefika wapi. Mwaka wa kwanza alisema wamekwama njiani, kuna matope. Baadaye akasema ameona wawili watatu wakipanda mlima. Sikumsukuma. Nilikuwa nimejifunza sheria ya pili ya Mzee Atanasi, kwa kuchelewa.

Jumapili yangu ya mwisho kazini, kabla hamjala kuku, nilitoka kusoma somo nikaenda kukaa karibu naye. Komunyo ikaanza. Nikamwinamia sikioni.

"Dada, leo nastaafu. Niambie ukweli. Maaskofu wale, wameshafika wote?"

Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu bila kufikiri.

"Wamefika," akasema. "Amebaki mmoja."

Kisha akainuka, akaweka kitambaa chake sawa, akaingia kwenye mstari wa kwenda mezani. Nami nikainuka nikamfuata.